Kesi Aliyoimaliza Mke wa Mfalme

Makindye, Kampala

Dada yangu Furaha,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla sijaendelea niambie: u mzima? Simu yako haipatikani tangu Jumapili ile tulipozungumza. Mara najiambia ni mtandao wa Butembo, mara najiambia umeizima kwa sababu yangu. Ndiyo maana nakuandikia. Mama Neema, yule mchuuzi wa vitenge, atakukabidhi barua hii mkononi. Sisi hatujambo. Bahati bado anachomelea mageti kule Katwe, anarudi macho mekundu, anakula, analala. Mimi tumbo limenifika kidevuni na miguu imevimba hadi naenda kufundisha na ndala za mume wangu huyo.

Shuleni wanafunzi wangu wa Kiswahili wana mdahalo: je, tamthilia ya kale ya Wagiriki yaweza kusomwa kama hadithi ya upelelezi? Nimewatafsiria ile ya mfalme anayemsaka muuaji, akihoji huyu na yule, mwishowe anagundua kwamba muuaji ni yeye mwenyewe, na mke aliyemwoa ni mama yake mzazi. Nusu wanasema ndiyo, kuna maiti, mashahidi na maswali. Wengine wanabisha: watazamaji wa zamani walimjua muuaji kabla hata hawajaketi, sasa upelelezi wa nini? Nilikaa upande wa kwanza, tukacheka.

Jioni nikamsomea mwenye nyumba wetu, Mzee Ramadhani, Mnubi aliyestaafu upelelezi wa polisi. Alikasirika utadhani mfalme alikuwa askari wake.

"Huyu iko bure kabisa! Anafungua kesi na yeye ndio mshtakiwa. Kwetu tungemtoa kwa faili mara moja."

Kisha akaniomba nirudie pale mke anapomsihi mfalme aache kuuliza.

"Mwalimu, ona. Huyu bibi ndio mpelelezi. Yeye alimaliza kesi zamani. Mtu mwenye anakataza maswali, huyo iko na jibu tayari."

Dada, nilifunga kitabu papo hapo. Maana nawe uliniambia niache kuuliza.

Unakumbuka kwa nini nilikupigia. Nesi wa kliniki alitaka kujua mama yangu alinizaaje, kwa kuwa nyonga zangu ni nyembamba na mtoto ni mkubwa. Mama hayupo tena duniani, nikakuuliza wewe. Ulijibu bila kufikiri: uchungu wa siku mbili, kisha kisu, na ile taa juu ya kitanda iliyojaa kumbikumbi waliokufa. Nikasema, wewe uliionaje? Ukasema niache maswali, simu ikakatika.

Taa ile huonwa na aliyelala chali. Mama nilimwogesha muda wote wa ugonjwa wake, na tumbo lake halikuwa na kovu. Lenye kovu ni lako, uliloniambia ni la kidole tumbo. Nami nilizaliwa mwaka ule ulioacha shule, na siku zote niliambiwa uliacha kwa kukosa ada.

Sina hasira. Nilikuwa nayo siku moja, nikamfokea Bahati kwa ajili ya chumvi, ikaisha. Nina hofu. Katika mchezo ule, mke akishajua huingia ndani, hufunga mlango, na hatumwoni tena akiwa hai. Wanafunzi walipita pale mbio wakimfuata mfalme. Mimi nimebaki mlangoni. Kila nikikupigia bila kukupata, nasema basi, nimemfukuza kwa swali la nesi.

Nisalimie kaka zetu wawili, ambao sijui kama tangu leo ni kaka au wajomba. Nisalimie shangazi muuza samaki wa chumvi, ambaye bila shaka alijua, na kwa mara ya kwanza maishani alifunga mdomo. Bahati anakusalimu, yeye hajui lolote, anauliza tu kwa nini silali.

Daktari amesema huenda wakanipasua. Mama Neema akirudi Kampala, panda naye basi. Sitakudai maelezo. Mbele za watu nitakuita dada, ukipenda hivyo. Lakini siku ile uchungu ukinishika nitapiga kelele kumwita mama, na nataka mtu aitike.

Ni mimi wako,
Riziki