Kidonge cha Mama Apolline

Bénie, uko? Nimetoka ku santre de santé, kwa waganga, na mama. Nimeona haya mbele ya watu wote.

Unajua Mama Apolline, ule jirani wa mama kule Mabanga. Leo asubuhi alianguka ku bomba, bidon yake ya maji mukononi. Wakamuleta ku santre, muganga akamupima, akaona moyo unatembea polepole sana. Akamuuliza: "Unakunywaka dawa gani?"

Mama Apolline akafungua fundo ya kikwembe alichojifunga, akatoa kidonge. "Ni ya Mama Béata."

Ya mama yangu, Bénie. Dawa yake ya moyo.

Tangu Pasaka mama alikuwa anamupatia kimoja kila asubuhi, eti naye ana tansio, damu inapanda. Boîte ya vidonge vya mwezi moja inaisha kwa juma mbili, kisha wote wawili wanabaki bila dawa. Muganga alishika kichwa. "Mama, dawa ya moyo haigawanywi kama chumvi. Ungemuua, na wewe ungekufa."

Mama aliangalia tu viatu vyake.

Mama Apolline wamemulaza, atapona. Ku njia ndiyo mama alisema: "Alikuwa anakuja kunywa kidonge, anabakia tunakunywa uji. Tangu papa yako afe, hakuna mwingine anabishaka hodi kwangu asubuhi."

Nikamwambia asimupatie mutu dawa tena, na zake asiruke hata siku moja. Akakubali. Nikiwa tayari juu ya pikipiki, akaniuliza: "Na wewe, Umuhoza, hauna tansio?"

Nikamujibu hapana.

Nimefika kwangu Katindo sasa, ndiyo nimeelewa alikuwa ananiita ku uji wa asubuhi.