Kitanda Kitupu Kwenye Ubao wa Baba

Jumatano, Miteja. Wingu limetanda tangu alfajiri, na mvua haitaki kunyesha wala kuondoka. Nimeamka na moyo mzito. Ningesingizia hali ya hewa kama ningekuwa muongo wa kawaida, lakini mimi ni muongo wa miaka sita.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Somoe, fundi chuma, mtoto wa fundi chuma. Baba amefariki. Arobaini yake tumeisoma wiki iliyopita. Nimerudi kutoka Lindi mjini, nilikokuwa nachomelea magrili ya watu, nimeshika karakana yake, kibanda cha bati nyuma ya nyumba yetu, kati ya mikorosho miwili.

Humo ndani karibu hakuna kitu kilichonunuliwa kikatumika kama kilivyo. Fuawe, pale pa kupigia chuma, ni kipande cha reli ya zamani kilicholetwa na lori kutoka upande wa Nachingwea. Jiliwa la kubania chuma limetengenezwa kwa skrubu ya jeki. Patasi zote zilikuwa springi za lori lililokufa pale barabarani, na Baba alianza kulirithi kabla wenyewe hawajamaliza kulia. Moto unapulizwa na feni inayozungushwa kwa rimu ya baiskeli. Nati na misumari viko kwenye makopo ya maziwa, vifuniko vyake vimepigiliwa kwenye boriti ya juu. Ukitaka nati unazungusha kopo, linakushukia mkononi.

Wiki hii nilijiambia niiboreshe kidogo. Jumatatu nimetengeneza kitoroli cha mashine ya kuchomelea, magurudumu ya kigari cha mtoto. Jana nikatengeneza rafu ya kulazia nondo. Nimejipongeza sana. Halafu nikaangalia, nikaona maboresho yote nimeyafanya upande wa kulia.

Upande wa kushoto kuna ubao wa Baba, na koti lake.

Nianze na ubao. Ni plaiwudi mbili zilizounganishwa, zimejaa misumari, na kila msumari umezungushiwa umbo la zana yake kwa rangi nyeupe: nyundo, koleo, tupa, msumeno. Yale maumbo Baba aliyaita vitanda. Jioni, kabla ya kufunga mlango, aliuliza, "Zimelala zote?" Kama kuna kitanda kitupu, mlango haufungwi mpaka asiyelala apatikane. Mara moja, nilipokuja sikukuu, tulitafuta bisibisi mpaka adhana ya Isha, kumbe nilikuwa nimeichomeka kwenye kilemba changu.

Vitanda alivichora baada ya kupoteza jicho. Mwenye jicho moja anajua kitu kipo lakini hajui kiko umbali gani, akinyoosha mkono anashika hewa. Kwa hiyo alijichorea mistari minene, mkono ujue pa kwenda.

Na jicho lilipotea kwa sababu yangu.

Sijawahi kuandika sentensi hiyo. Nimeiangalia hapo juu kwa muda na sijaifuta.

Tulikuwa na kazi ya geti. Kulikuwa na kona ambayo grenda, mashine ya kukatia chuma, haikuingia, kwa sababu kava lake, lile bati la nusu duara linalomkinga mtu na jiwe la kukatia linapozunguka, lilikuwa linagonga. Nikalifungua kava, nikaliweka mezani. Nikakata kidogo. Simu ikaita, nikatoka nje kupokea, nikakaa huko nacheka na mtu ambaye leo hata sura yake siikumbuki vizuri. Baba akaingia akaona kona haijaisha, akaichukua grenda. Hakuikagua. Kwake yeye, zana aliyoitumia mwanawe ni zana iliyokamilika.

Jiwe likapasuka. Kipande kikaingia jicho la kushoto.

Walipomkimbiza hospitali niliachwa nifunge karakana. Nikaliona lile kava juu ya meza. Sikuwaza hata kidogo, nalisema hili bila kujitetea. Nililibeba chini ya khanga, nikaenda kulitumbukiza kwenye shimo la choo cha zamani ambacho hakitumiki. Watu walipouliza nikasema jiwe lilikuwa bovu. Baba aliporudi na bandeji, naye akawa anawaambia watu hivyohivyo, jiwe bovu, na kudra ya Mungu. Nikashukuru kwamba hakuona, hajui. Mwaka huohuo nikahamia Lindi, na nikawa mtoto wa kuja sikukuu tu.

Sasa nije kwenye kinachoninyima raha.

Siku zake za mwisho tulimwendea mmoja mmoja kumtaka radhi, kama inavyofanywa. Kila mtu alimjibu kwa maneno tunayoyajua wote: nimekuwia radhi kwa ninalolijua na nisilolijua. Kaka yangu aliambiwa hivyo. Jirani aliambiwa hivyo, hata yule aliyemkatia mkorosho wake. Nilipofika mimi, nikamshika mkono, akaniangalia kwa lile jicho moja.

"Nimekuwia radhi, Somoe, kwa ninalolijua."

Akaishia hapo.

Mama akasema pumzi zimemwishia. Lakini pumzi alikuwa nazo! Dakika ileile aliomba maji, akatuagiza tuingize mkaa ndani kabla ya mvua, akataja na magunia ni mangapi. Mtu mwenye pumzi ya kuhesabu magunia hakukosa pumzi ya kusema neno moja.

Kwa hiyo tangu siku ile nimeishi na nusu ya radhi. Nililolifanya mimi lilikuwa kwenye "nisilolijua", na hiyo nusu hakunipa. Nimeiwaza sokoni, nimeiwaza kwenye sijda. Nikiwasha grenda naona mtu amesimama kushotoni kwangu, nageuka, ni koti.

Koti lake la kazi, la turubai, lina matundu ya cheche kifuani. Lilibaki kwenye msumari wa ukingoni mwa ubao, mabega yameinama vilevile kama ya mwenyewe. Sikuthubutu kuligusa. Nitasema na hili, mnicheke: kila asubuhi nikiingia nimekuwa nikiliamkia shikamoo. Halafu nasimama kidogo, kama mpumbavu, nasubiri marahaba.

Leo baada ya Adhuhuri Mama akaniita dirishani. Nguo za Baba zinagawiwa, na koti ni la baba mdogo anayeishi Pande, atalifuata Ijumaa. "Ukalishushe, likung'utwe," akasema. "Usilifanye kaburi la pili."

Nikaenda. Nikasema bismillahi kama ninayeinua jiwe la kisima. Nikalishusha.

Chini yake kulikuwa na kitanda.

Nusu duara, mstari mnene mweupe, na pale chini kimkato kidogo cha skrubu ya kubania. Hakuna zana nyingine yenye umbo lile. Alikuwa amelichora kava bila kuwa nalo, kwa kumbukumbu tu, akalipigia na msumari wake, likakaa pale tupu miaka yote. Kisha, nadhani ni siku nilizokuwa naja sikukuu, akawa analitundikia koti ili nisilione.

Nilikaa chini kwenye mavumbi ya chuma. Alijua. Fundi yeyote angejua, jiwe lenye kava haliingii jichoni kirahisi vile. Ni mimi tu niliyetaka kuamini kwamba fundi aliyenifundisha mimi hakujua. Alijua, akawaambia watu jiwe bovu. Na siku ile kitandani hakuikata radhi nusu. Alichagua neno. Alitaka nisikie kwamba lile analijua, na kwamba limo kwenye alichokisamehe. Mimi ndiye niliyesikia vibaya.

Nililia sana, tena kwa sauti. Halafu nikaona haya kulia karibu na kazi isiyofanyika.

Nikachukua kifuniko cha pipa la mafuta. Nikachora kwa chaki kufuata kitanda, nikakata kwa tindo na nyundo, si kwa grenda. Nikaupasha moto ule ukingo, nikaukunja juu ya reli, kidogo kidogo, nikipeleka ubaoni kupima na kurudi. Mara ya kwanza lilizidi, mara ya tatu likakubali. Ukanda wa kubania nikautengeneza kwa bawaba ya mlango. Si kazi nzuri sana. Baba angesema nimelikunja kama chapati. Nikalifunga kwenye grenda, likakaza, nikaliondoa tena, nikalitundika kwenye kitanda chake.

Mama akaingia na chai na muhogo wa kuchemsha. Akaangalia ubao, akatabasamu, na ndipo nilipojua siku haijaisha.

"Ee! Msafiri karudi?"

Nikamuuliza msafiri gani.

"Si hicho kitanda. Nilimkuta babako anakichora, nikamuuliza cha nani hiki, mbona hakina wa kulala? Akasema mwenyewe kasafiri, atarudi. Nikajua utani wake tu." Akaweka sinia juu ya fuawe. "Nani kamrudisha?"

Ningeweza kusema nimetengeneza kipya. Ingekuwa kweli pia. Mama alimwosha Baba lile jicho kwa maji ya chumvi miezi mingi, akamtolea samaki miiba, akamshika mkono kwenye ngazi za msikiti mbele ya watu. Mtu kama huyo unamficha vipi?

"Mama, kaa kwanza."

Akakaa kwenye kigoda. Nikamwambia yote: kona, simu, khanga, shimo la choo. Sikuacha kitu. Nilipomaliza aliinuka, akatoka, chai yake ikabaki pale inapoa. Nikasikia anafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa asubuhi.

Alirudi karibu na Alasiri. Macho mekundu. Koti nilikuwa nimelikunja juu ya meza, akalichukua, akalikung'uta, akanirushia.

"Vaa," akasema. "Cheche zitakuunguza. Baba mdogo wako tutamtafutia kanzu."

Akaenda zake kuswali. Hakusema lingine mpaka sasa ninapoandika, na chakula cha jioni ameniwekea kama kawaida, kipande cha samaki kikubwa kuliko chake. Sijui kama hiyo ni radhi au ni mama tu anayeogopa cheche.

Karakana nimeifunga kabla ya Magharibi. Nimeuliza kwa sauti, "Zimelala zote?" na nikahesabu vitanda kimoja kimoja. Hakuna kitupu. Koti ninalo mwilini, linanuka mkaa na jasho lake, na mikono yake inanizidi.

Asubuhi nitamwendea Mama nimtake radhi kama inavyotakiwa, kwa analolijua na asilolijua. Ingawa hilo la pili sasa halipo tena.