Waliotolewa Kabla ya Kuanza

Rwezamenyo, Kigali
17 Februari 2025

Mwanangu Raihana,

Salaam alaykum. Huko Rusizi hujambo? Hospitalini wanakupa hata muda wa kula? Mimi mzima, na sukari yangu ipo palepale, sindano asubuhi na jioni. Kanzu za Idi zimeanza kuletwa, cherehani haipumziki.

Ulisema ninyi manesi mnafundishwa kutafuta tafiti za madaktari na kuzielewa. Basi nitafutie jambo moja: mtu wa sukari kama mimi anaweza kufunga? Mwaka jana daktari alinikataza, nikatoa fidia ya kulisha maskini. Lakini mwezi mzima nilikula nyuma ya lile pazia la maua la dukani, kama mwizi, na hakuna aliyeniuliza kitu. Niliona haya. Sitaki tena.

Mama yako

Rusizi
20 Februari 2025

Mama yangu,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima, ila zamu za usiku zimeninyoosha. Nimetafuta na nimepata. Kuna utafiti wa watu mia kadhaa wenye sukari waliofunga Ramadhani nzima, na ambao sukari yao ilishuka vibaya ni wachache mno. Muhtasari unasema kufunga ni salama kwa wengi, wakifuatiliwa vizuri. Kwa hiyo funga, Mama. Kula daku mwisho kabisa wa usiku, na usiache kupima.

Nadhani nimefurahi kuliko wewe.

Binti yako, Raihana

Rwezamenyo
22 Februari 2025

Mwanangu,

Umenipa Idi kabla ya Idi. Ujumbe wako nimemsomea Mukagasana, yule jirani anayeuza nyuzi, mpaka akachoka. Tende nimeshanunua. Ukiona kimya usishtuke: Ramadhani mchana simu nitaizima, la sivyo kila mteja atapiga kuulizia nguo yake.

Wenzangu wanapanga foleni kumwona daktari, mimi ninaye wa kumzaa mwenyewe.

Mama yako

Rusizi
3 Machi 2025

Mama,

Salamu baadaye. Kama bado umefunga, fungua sasa hivi, na kesho usifunge. Nimepiga simu, haipatikani.

Leo mwalimu wetu, Nduwayo, alitaka kila mmoja alete utafiti aliowahi kuutumia, tuusome mwanzo hadi mwisho. Akasema, "Tafuteni kwanza nani hakuruhusiwa kuingia." Nikaleta ule wako. Mama, wote wanaochoma insulini walitolewa kabla ya kuanza. Waliobaki ni wa vidonge, na wengi hawajafika miaka hamsini. Hakuna hata mmoja aliyefanana na wewe. Mimi niliishia kwenye muhtasari. Nilitaka sana jibu liwe ndiyo, na nilipoliona nikaacha kusoma.

Ukitetemeka au ukitoka jasho la baridi, kunywa kitu cha sukari. Usisubiri adhana.

Raihana

Rusizi
4 Machi 2025, asubuhi

Mama,

Ujumbe wa jana bado hujausoma. Namba ya Mukagasana sina. Nimeomba ruhusa kazini. Nisipokusikia hadi adhuhuri napanda basi. Ninaogopa.

Raihana

Rwezamenyo
4 Machi 2025

Raihana,

Usipande basi. Mimi mzima.

Jana baada ya alasiri nilikuwa napinda kanzu ya mteja, nikaona mshono unakwenda kombo. Nikafumua, nikarudia, ukaenda kombo tena. Nikalaumu cherehani. Mukagasana alipoingia alinikuta nimelaza kichwa mezani, nguo zimelowa jasho. Akafungua Fanta: "Mama Raihana, kunywa hii. Mungu iko anaona wewe." Nikakataa. Nikamwambia binti yangu amesoma, ameniruhusu. Akaninywesha kwa nguvu, akanipeleka kituo cha afya, wakanilaza hadi leo asubuhi. Simu ilibaki dukani. Daktari amesema nisifunge.

Nimekukasirikia, na si kwa sababu umekosea. Ungeniambia umesoma muhtasari tu, ningemuuliza daktari kwanza.

Mama yako

Rwezamenyo
15 Machi 2025

Mwanangu,

Salaam alaykum. Najua unalia huko, acha. Hasira zimeisha, sukari imetulia.

Kuna mtu hapa anauza mafuta ya habbat soda, zile mbegu nyeusi. Anasema utafiti umethibitisha yanashusha sukari mpaka sindano unaiacha. Chupa nimechukua, sijaifungua. Nitafutie. Safari hii usinijibu upesi.

Mama yako

Rusizi
26 Machi 2025

Mama yangu,

Wa alaykum salaam. Nashukuru kwamba umeniuliza tena.

Tafiti nilizozipata nimezisoma hadi mwisho. Watu ni wachache, muda ni mfupi, na mmoja ulilipiwa na watengeneza mafuta. Kwa baadhi yao sukari ilishuka kidogo, lakini hakuna aliyeacha dawa zake. Kama yatakufaa wewe, sijui. Nimemuuliza Nduwayo, naye hajui. Sindano usiache.

Idi nakuja.

Binti yako, Raihana

Rwezamenyo
28 Machi 2025

Mwanangu,

Chupa nimemrudishia mwenyewe. Akasema wewe ni nesi mdogo tu, hujui. Nikamwambia ndiyo, ameniandikia mwenyewe kwamba hajui, na ndiyo maana nimemwamini.

Fidia ya mwaka huu napika mwenyewe. Wazee wawili wa mtaa wasio na kitu wanafuturu hapa dukani. Jana nilikaa nao mkekani nikiwa nimeshiba tangu mchana, tukaisubiri adhana pamoja.

Njoo mapema, nikupime. Pazia la dukani nimeliondoa. Kitambaa bado ni kizuri, nakushonea nacho gauni la Idi.

Mama yako