Dada, Nilikuhesabia Wanaume

Dada Devota,

Misa ya arobaini yako imeshasomwa, na bado kuna jambo sijakwambia. Nilikuwa nakushuku. Unanijua mimi, hata padre akitangaza saa ya misa nakwenda kumuuliza katekista kama ni kweli.

Mashaka yalikolea siku ya mazishi. Jirani yako wa Ruhuwiko, yule mama Mhehe, kwa kuwa ni mtani wetu sisi Wangoni, alivaa gauni lako la kitenge, akatembea kwa madaha kama wewe, akaita wanaume wote uliowahi kuwapikia waje mbele walie vizuri. Watu walicheka mpaka machozi. Nami nilicheka, maana ndiyo kazi ya mtani msibani. Lakini shemeji, mumeo, hakucheka. Nikajiuliza, kwa nini hacheki?

Tangu hapo nikawa mpelelezi. Daktari alishatuambia kwamba saratani ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, basi nikaanza kukuhesabia. Fundi aliyekushonea kila Pasaka. Mwalimu wa kwaya. Nilikagua simu yako, Mungu anisamehe, nikakuta habari za mazoezi ya kwaya na za mbolea tu. Nikasema moyoni, amefuta. Nilipokosa ushahidi juu yako nikamgeukia shemeji na safari zake za kununua korosho Nalasi, kule kwa Wayao. Shangazi akanipa nguvu: wanawake wa Kiyao wanafundwa unyagoni, wanajua mambo, ni huko huko alikoutoa ugonjwa. Nilikubali haraka. Wakiwa na kosa Wayao, sisi tunabaki safi.

Kisha Neema akaleta kutoka shuleni karatasi ya ridhaa ya chanjo ya kirusi hicho. Binti yako ana miaka kumi na miwili sasa, anakaa kwangu, na shemeji ameniachia mimi niamue. Shangazi akasema kumchanja ni kutangaza kwamba atakuwa kama mama yake. Nikaiweka karatasi kabatini, chini ya vyombo. Mtoto aliniuliza mara mbili, nikamwambia bado nafikiria.

Nikaenda kliniki, nikitaka tu mtu aniambie kwamba niko sahihi. Nilimuuliza nesi ugonjwa huu ni wa kabila gani zaidi, na mwanamke anaupata akiwa na wanaume wangapi. Nesi alikuwa Myao wa Tunduru, nami sikujua. Hakukasirika.

"Mama, kirusi hiki hakiulizi kabila," alisema. "Wenzi wakiwa wengi hatari inaongezeka, ndiyo. Lakini mmoja anatosha, hata wa ndoa, hata kama alikipata kabla hamjajuana. Kinakaa mwilini miaka hujui. Huyo dada yako, alipimwa lini?"

Hapo nikakumbuka. Asubuhi ile ulinipitia nyumbani umevaa viatu vya kanisani. Ulisema twende wote tukapimwe, ni bure, unaona aibu kwenda peke yako. Nami nikakujibu, "Mimi nina mwanaume mmoja, dada. Nenda wewe unayejijua."

Ulicheka kidogo. Ukarudi kwako. Hukwenda kupimwa mpaka ulipoanza kutokwa damu, miaka mitatu baadaye.

Sijui ulikuwa na wangapi. Labda mmoja, kama mimi. Labda zaidi. Ulitaka kupimwa, na mimi ndiye niliyekurudisha. Nisamehe, Devota. Nisamehe.

Siku ile ile nilipimwa mimi, na asubuhi yake nikatia saini karatasi ya Neema. Siku ya chanjo nilimfuata shuleni. Tukiwa njiani, nimemshika mkono, akaniuliza kama mama yake aliwahi kupewa nafasi ya kupimwa mapema. Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia yote, mpaka maneno yangu ya asubuhi ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akautoa mkono wake, akatembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Nakuahidi akifika umri wa kupimwa nitakwenda naye na kukaa naye kwenye benchi. Ila sasa, nikimpakulia chakula, ananitazama kwanza usoni ndipo ale.

Mdogo wako,
Eusebia