Mjomba Asiyekuwemo Kwenye Filamu

Jumamosi, Niboye

Bado nina hasira kidogo, lakini nacheka peke yangu.

Mchana nilikuwa kwa jirani yangu Mama Keza, tukibishana juu ya ile filamu ya Kikorea ya mpishi. Mimi niliiangalia juzi kwa maandishi ya Kiingereza, nikaona haina ladha. Yeye na mdogo wake, Solange, waliiangalia agasobanuye, ile ambayo msimuliaji anaingiza Kinyarwanda juu ya sauti za waigizaji.

"Mjomba alipomfungulia mpishi geti, hukulia?" Solange akaniuliza.

Mjomba gani? Nikawaambia yule mzee ni mlinzi wa geti, basi.

"Pole, dada. Sinema hukuielewa," akasema Mama Keza, tena kwa huruma kabisa. Mimi, niliyesoma kila neno!

Wakaniwekea ya kwao, Solange akinitafsiria. Kumbe msimuliaji kamtungia mlinzi ukoo mzima! Eti alimlea mpishi, wakapotezana vitani, na sasa anamtambua kwa jinsi anavyokata vitunguu. Nikajiandaa kuwacheka.

Kisha mzee akamfungulia mpishi geti. Kwenye filamu yangu hasemi kitu hapo. Msimuliaji akamsemea polepole, kwa Kinyarwanda rahisi hata mimi nikaelewa: "Mwanangu, umekonda."

Ndivyo mama anavyonipokea kila nikirudi Morogoro.

Solange akanipa kitambaa bila kunitazama.

Jioni nimempigia mama, nikamwambia aitafute hiyo filamu. Nikamsisitizia amwangalie sana yule mjomba.