Bi. Jumwa binti Iddi, Wakili Aliyesimama Mbele ya Kadhi

Mama, mwaka umezunguka tangu Ijumaa ile ulipotuacha, na hapa Msambweni bado watu wanabisha hodi wakiuliza, "Wakili yuko?" Tunawajibu kwamba wakili ametangulia mbele ya haki. Wengine hukaa barazani hata hivyo, wakanywa kahawa, wakasimulia kesi zao kana kwamba unawasikiliza kutoka ndani.

Tumeona tukuandikie hapa gazetini kwa sababu hukupenda mambo ya kunong'onezana. Anayesoma na asome. Aliyeshika kalamu ni mimi, Esha, kitindamimba wako, yule uliyekuwa ukimwita mdomo wa nyumba. Ndugu zangu wamenipa kazi hii wakisema nisiongeze chumvi. Sitaongeza, haina haja.

Tunaukumbuka upole wako, ingawa najua wako wanaume wa mji huu ambao wakilisoma neno hilo watakohoa. Ulikuwa mpole kwa aliyedhulumiwa. Aliyedhulumu alikutana na mtu mwingine kabisa. Hukuichukua kesi ya mtu kabla ya kwenda kwake, ukakaa jikoni pake na kula alichokipika. Ulisema mtu husema kweli akichochea moto kuliko akikalishwa kitini.

Tunaikumbuka na mbuzi yako ya kukunia nazi. Kesi ikiwa ngumu uliikalia mbuzi ile ukakuna huku ukifikiri, nazi baada ya nazi, mpaka Baba akachungulia na kusema, "Leo kuna kesi, wali utakuwa wa tui zito." Dhuluma za watu zilitunenepesha, Mama.

Elimu uliipata kwa babu yetu, Maalim Iddi, aliyekusomesha fikihi pamoja na ndugu zako wa kiume, kitabu kimoja na mkeka mmoja. Ndugu zako wakaenda kuuza nguo Mombasa. Wewe ukabaki na kitabu, na majirani wakaanza kuja kukuuliza, kwanza kwa siri, kisha mchana kweupe. Lakini kuulizwa nyumbani ni jambo moja, na kusimama mahakamani ni jambo jingine. Mpaka mwaka wa 1951 hakuna mwanamke wa huku kwetu aliyewahi kusema mbele ya Kadhi kwa niaba ya mwenzake. Mwanamke mwenye kesi aliketi nje juu ya mkeka, na mwanamume wa kwao akaingia kumsemea. Akiwa hana mwanamume, au mwanamume wenyewe ndiye anayemdhulumu, basi.

Ndipo likaja jambo la minazi ya Mwanapili.

Mwanapili, jirani yetu, alifiwa na mumewe akaachwa na watoto sita na minazi sita iliyoizunguka nyumba. Minazi hiyo ndiyo iliyomvika na kumlisha. Hata eda haijaisha, shemeji yake Tsuma alikuja akadai kwamba ardhi ni yake na minazi aliipanda yeye kwa mikono yake, wakati nduguye akifanya kazi bandarini. Kwetu ardhi yaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule aliyeupanda, na mwenye mti haondolewi penye mti wake, basi kesi yote ilikuwa hapo. Nani alipanda? Mwanapili akishindwa, angefunga mzigo yeye na watoto wake. Na mwanamume wa kumsemea alikuwa mmoja tu, naye ni huyo huyo Tsuma.

Wanawake wote wa mtaa waliijua kweli. Kitovu cha mtoto kikianguka, wanawake hukifukia shimoni pamoja na mche wa mnazi, na mnazi ule huwa wa mtoto. Mwanamume hasogei pale. Minazi sita ya Mwanapili ilikuwa ya watoto wake sita. Lakini nani atamwambia Kadhi?

Ulikuna nazi siku hiyo mpaka tukagawia majirani. Kisha ukamwambia Baba, "Mume wangu, kesho nitakwenda mimi." Baba akasema, "Basi vaa viatu vipya. Watakutazama sana." Mwenyezi Mungu amzidishie umri.

Nilikuwepo, Mama. Karani alipoita wakili wa mjane, ukasimama na buibui lako, baraza zima lilicheka. Mwero, muuza samaki, aliyekuja kusikiliza kesi za watu kama kawaida yake, alisema kwa sauti, "Bibi, sokoni ni upande wa pili!"

Uligeuka ukamwambia, "Sokoni nitapitia nikirudi, nawe utanichukulia kapu."

Wakili wa Tsuma akasema mwanamke hawi wakili. Ukamjibu kwamba mwanamke aweza kuwakilisha katika kuuza, kununua na kudai mali, na ukamwomba akuonyeshe palipokatazwa. Kadhi, mzee aliyekuwa hachekicheki, alisema, "Sheria haimkatazi. Mazoea yetu ndiyo yanayoshangaa. Sema, Bi. Jumwa."

Tsuma alitoa maelezo yake vizuri, lazima tumpe haki yake. Jinsi alivyochimba, jinsi alivyotia maji. Kadhi akamuuliza kama minazi inazaa. Hapo ulimi wake ukaponza kichwa.

"Yazaa sana, Sheikh. Hasa mnazi wa Kibwana, ule hauna mfano. Wa Mapenzi ndio wasumbuliwa na wadudu."

Uliinua mkono taratibu. "Kibwana ni nani, shemegi?"

"Mtoto wa marehemu ndugu yangu."

"Na Mapenzi?"

"Wa pili wake."

"Mti uupande wewe, kisha uuite kwa jina la mtoto wa mwenzio?"

"Ndivyo tuitavyo nyumbani," alisema Tsuma, na papo hapo nikaona uso wake unabadilika.

"Naam. Na ulipoupanda huo wa Kibwana, shimoni mlifukiwa nini?"

"Majivu na chumvi, kama mnazi wowote."

Safari hii waliocheka ni wanawake waliojazana dirishani.

Wakili wake hakukata tamaa. Alisema jina la mti si ushahidi, na kwa kweli si ushahidi. Kadhi akakuuliza kama unao mashahidi wanaume. Nilishika pindo la kanga yangu nikaliuma. Hunao, nilijua hunao, na baraza lote lilijua.

"Sina, Sheikh, wala hawangeweza kuwepo," ulisema. "Hili ni jambo la uzazi. Katika mambo ya uzazi, ambayo wanaume hawahudhurii, madhehebu yetu ya Kishafii yakubali ushahidi wa wanawake wanne peke yao. Nami ninao wanne."

Kadhi alifungua kitabu, akakifunga. Kisha akaagiza waitwe.

Aliingia Bi. Kache mkunga, na nyuma yake majirani watatu, na kila mmoja aliulizwa peke yake huku wenzake wakiwa nje. Kila mmoja alieleza mti wa nani uko upande gani wa nyumba, na nani alishika jembe siku ile. Maneno yao hayakupishana hata kidogo. Bi. Kache, alipoulizwa kama ana hakika na mnazi wa Kibwana, alisema, "Sheikh, nilimpokea mimi, nikamfukia kitovu mimi, na akikosa adabu namchapa mimi. Nitausahauje mti wake?"

Minazi ikahukumiwa kuwa ya watoto. Mwanapili alilia, nasi tulilia, na wewe ukakunja buibui lako ukatoka kama mtu aliyekuwa amekwenda kununua kibiriti.

Mlangoni alikuwa amesimama Mwero. Akauliza, "Kapu liko wapi, Bi. Jumwa?" Mkaenda sokoni, wewe mbele, yeye nyuma na kapu, na mji mzima ukatoka kuwatazama. Nilifurahi furaha ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Baada ya hapo walikujia kutoka Vanga, Diani, Funzi, hata milimani Kwale. Ulishinda nyingi na ukashindwa baadhi, na uliposhindwa ulilala mapema na hukutaka kusemeshwa. Lakini mkeka ule wa nje ya mahakama ulianza kubaki mtupu. Wanawake walikuwa wakiingia ndani.

Ulipofariki, wako waliosema mambo hayo yamezikwa nawe. Kadhi wa zamani alikuwa amekwisha kustaafu, na huyu mpya hakukujua. Kitabu chako kilikuwa kwangu, nami nilikuwa naogopa, Mama. Kuwa mdomo wa nyumba si sawa na kuwa mdomo wa watu.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa Vanga, nduguye amemzuilia urithi wa baba yao. Nilikwenda kwake nikakaa jikoni. Niliporudi nilikalia mbuzi yako nikakuna, na Baba akachungulia mlangoni. Alikwenda akanitolea viatu vyako.

Karani alipoita wakili wa mama yule, nilisimama. Nikangoja wacheke. Mama, hakuna aliyecheka. Kadhi mpya aliniuliza mimi ni nani, na kabla sijafungua mdomo, baraza zima likajibu, "Mtoto wa Bi. Jumwa!"

"Basi sema," akasema Kadhi. Nikasema, na mama wa Vanga akarudi kwao na haki yake.

Nilipotoka, Mzee Mwero alikuwa mlangoni, mvi zimemjaa, anaegemea mkongojo. Akanyoosha mkono wake wa pili. "Kapu liko wapi, mwanangu?"

Unakumbukwa na mumeo Abdurahman; wanao Mwanaima, Iddi na mimi Esha; wajukuu zako wote; Bi. Kache mkunga, Mwanapili na watoto wake sita, ambao nazi za hitima yako zimetoka katika minazi yao, na Kibwana ndiye aliyekwea. Mola akurehemu na akupe pepo. Sisi tulio nyuma yako hatutakusahau, Mama, maadamu kuna anayesimama na kusema.