Vimeno vya Jiwe la Baba

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kikohozi cha wifi kimepoa. Sisi tunapumua. Presha ya Baba imeshuka, ila kula anakula kwa kulazimishwa, na sababu utaijua sasa hivi. Nimeandika barua kwa kuwa simu ukikasirika unaikata.

Ni habari ya lile jiwe. Unalikumbuka, lile alilochimbua Baba kwenye shimo la choo cha jirani, lenye safu ya vimeno ubavuni. Miaka yote amesema ni taya la mnyama wa kale lililogeuka jiwe, kisukuku kama wanavyoita wasomi, na miaka yote mtaa mzima umemcheka. Hata marehemu Mama alimtania kwamba analiatamia. Baba alicheka nao, lakini jiwe hakulitupa.

Mwezi uliopita mtaalamu wa makumbusho alikubali kulitazama. Baba alifurahi mpaka akanyoa ndevu. Nawe ulipopiga simu, Baba yuko kliniki, ukampata Baba mdogo. Ukamwambia, "Lisafisheni hilo jiwe ling'ae, msije mkatutia aibu mbele ya watu waliosoma." Spika ilikuwa wazi, nilikusikia. Kisha nikatoka kumfuata Baba.

Kaka, wewe umekulia kwenye vumbi la terazo. Unajua kwetu sisi mafundi wa sakafu, kusafisha jiwe ni kulisaga mpaka ling'ae. Baba mdogo hajawahi kumkabidhi mteja jiwe lisilong'aa tangu aanze ufundi. Alichukua grinda akasaga, akapiga msasa wa maji, akamalizia na nta. Tuliporudi, jiwe liko mezani linameremeta, na yeye amesimama kando akingoja kusifiwa. Baba alipitisha kidole ubavuni. Hapakuwa na jino hata moja.

Makumbusho tulikwenda vilevile. Mtaalamu, mama mmoja mpole, aliliangalia kwa lenzi, akatuonyesha vitundu vidogo vidogo ndani yake. Ni mfupa kweli, akasema, wa kale sana. Nusura nipige vigelegele. Kisha akauliza, "Na hayo meno mnayosema yako wapi?"

"Yalikuwepo, mama," Baba akajibu. "Yalikuwepo."

Picha pekee niliyokuwa nayo kwenye simu inaonyesha goti la Baba na ncha ya jiwe. Mama yule akasema bila meno hawezi kujua ni mnyama gani, na hawezi kuandika kitu ambacho hakukiona. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniuma.

Nina uchungu, Kaka, sikufichi. Mtaani sasa Baba anaitwa Bwana Meno. Hilo atalizoea, kuchekwa si kugeni kwake. Asichoweza kukizoea ni kitendo cha ndugu yake. Wamesaga sakafu pamoja tangu ujana, leo wanapishana uani bila salamu. Baba anaamini alifanyiwa makusudi, maana Baba mdogo naye alikuwa mmoja wa waliocheka. Na Baba mdogo mwenyewe hajitetei. Nilimsihi aseme nani alimwagiza, akanijibu, "Mtoto yule ndiye fahari ya kaka yangu. Nikimwondolea na hiyo, atabaki na nini?" Jana alianza kufunga mashine zake. Anahamia kwa binti yake.

Basi mpigie Baba kabla Baba mdogo hajaondoka. Usinipe mimi salamu za kupeleka. Mwambie kwa kinywa chako kwamba agizo lilikuwa lako. Mimi ningeweza kumwambia, ila nataka alisikie kwako.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Shangazi mkubwa anakusalimu. Baba mdogo naye anakusalimu, bila kinyongo, jambo ambalo mimi siliwezi.

Baba anakusalimu kuliko wote. Anasema katika mambo haya yote, ni wewe peke yako ambaye hukumuumiza.

Mungu akulinde, akupe na moyo wa kunyanyua hiyo simu.

Wako akupendaye, wiki hii kwa shida,
Mdogo wako